Runinga zaziba maneno, matusi yapita

Siku ya kwanza kupelekwa ukweni Burnt Forest, kwenye barabara ya Eldoret kwenda Nakuru, nilitukanwa nikiwa na kikombe cha chai mkononi. Au ndivyo nilivyodhani. Mama mkwe wangu alikuwa akinitambulisha kwa jirani yake kwa Kikuyu, na katikati ya sentensi, kabla tu ya kutaja Mombasa nilikozaliwa, akatamka neno moja la silabi mbili ambalo mtu wa Pwani halitamki mbele ya mkubwa wake, sembuse mbele ya mkwewe. Alilitamka kwa sauti ya kawaida, akitabasamu. Jirani naye akaitikia kwa adabu. Mimi nikainamisha macho, chai ikanipalia.

Tukirudi mjini, mke wangu alicheka mpaka machozi yakamtoka. Kwa Kikuyu, akanieleza, neno hilo maana yake ni "kutoka". Mama alikuwa anasema tu kwamba mimi ni mtu wa kutoka Mombasa. Sitaliandika hapa. Msomaji wa Nyeri atalipata bila taabu, na msomaji wa Likoni ameshalipata kitambo.

Kisa hiki hunirudia kila ninaposikia ule mlio wa runinga, piii, unaoziba neno katika taarifa ya habari ya saa moja jioni. Najiuliza: aliyebonyeza kitufe ameziba nini hasa? Ameziba tusi, au ameziba sauti?

Kwanza tuelewane kuhusu kanuni. Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya ina mwongozo wa vipindi ambao vituo vyote vya redio na runinga vinatakiwa kuufuata. Mwongozo huo umetenga muda wa kulindwa kwa watoto, kuanzia saa kumi na moja alfajiri hadi saa nne usiku. Katika muda huo hairuhusiwi kupeperusha mambo ya watu wazima, na lugha chafu imo. Waingereza, kwa kulinganisha, runinga zao hulegeza kamba saa tatu usiku. Sisi tumewaongezea watoto wetu saa moja zaidi. Kwenye karatasi basi tu wakali kuliko London.

Lakini angalia mpangilio wa jioni zetu. Kwa miaka mingi vituo vikubwa vimeipa Kiswahili taarifa ya saa moja na Kiingereza taarifa ya saa tatu. Saa moja watoto hawajalala, chakula kiko jikoni, nyanya yuko kochini na mgeni hajaondoka. Kiswahili ndiyo lugha inayoingia sebuleni wakati nyumba imejaa. Kwa hiyo kazi ya kuamua lipi litamkwe na lipi lizibwe humwangukia mhariri wa Kiswahili, na naona amepewa mkasi bila kuelezwa nguo inakatwaje.

Chukua mfano ulio rahisi. Filamu ya Kimarekani inaonyeshwa saa kumi na mbili jioni. Shujaa anagonga gari, anaropoka lile neno la Kiingereza la kinyesi, na mara nyingi linapita. Hakuna anayeshtuka, mtoto analirudia akicheza, mamake anasema "we, wacha", basi. Sasa mwambie mwigizaji wa Kenya atamke neno lilelile kwa Kiswahili katika mchezo wa saa moja na nusu. Simu zitalia. Maana ni moja, kinyesi ni kilekile, tofauti ni kwamba Kiingereza kwetu hakina mama mkwe. Hatujalelewa ndani yake. Hakuna shangazi aliyewahi kutufinya sikio kwa sababu ya neno la Kiingereza.

Hapo ndipo penye siri ya tusi, na wazee wa Kiswahili waliijua zamani. Kabla ya kutaja jambo zito, Mswahili husema "ashakum si matusi". Neno "ashakum" tumelipata kwa Kiarabu, na asili yake ni kumwepusha msikilizaji na uchafu wa kitakachosemwa, kana kwamba unamwambia: haya yasikuguse wewe. Tazama basi anayelindwa hapo. Anayelindwa ni msikilizaji. Neno lenyewe halifichwi. Linatamkwa baada ya kuombewa njia. Ukishasema ashakum unaweza kuzungumzia choo, jipu au ugonjwa wa zinaa mbele ya kadhi, na hakuna atakayekulaumu. Tasfida nazo, kama "kwenda haja", "mja mzito", "sehemu za siri", zinafanya kazi hiyohiyo ya kupima nani yupo na anastahili nini. Tusi, kwa mizani hii, ni jambo linalotokea baina ya watu. Silabi mbili pale Burnt Forest hazikuwa tusi, maana mama yule hakuwa akimtukana mtu.

Mlio wa runinga haujui hayo. Unazijua sauti peke yake.

Tena unafanya kinyume cha ashakum. Ashakum hupoza, mlio huchochea. Mwanasiasa anamwita mwenzake "wewe ni piii", na kamera inaonyesha mdomo wake waziwazi. Binti yangu Salma, wakati huo ana miaka minane, aliwahi kuacha kuchora, akautazama ule mdomo, akanipa maneno matatu yanayoweza kukaa pale, mawili yakiwa mabaya kuliko lile lililosemwa. Angelisikia lenyewe asingelijali. Kwa kulizibwa, akalitafuta.

Haya si mageni duniani. Desemba 1, 1976, bendi ya Sex Pistols iliporomosha matusi katika kipindi cha mapema jioni cha Thames Television jijini London, na mtangazaji wao, Bill Grundy, akasimamishwa kazi wiki mbili. Magazeti yalipiga kelele siku kadhaa. Bendi iliyokuwa haijulikani na wengi ikawa ndiyo gumzo la nchi. Na hapa kwetu, mwaka wa 2019, Bodi ya Kuainisha Filamu chini ya Ezekiel Mutua ilitangaza kwamba nyimbo "Wamlambez" na "Tetema" zisichezwe nje ya vilabu na mabaa. Mtu wa Eldoret aliyepanda matatu ya Langas mwaka huo atakuambia kama zilinyamaza. "Wamlambez" ni somo zuri la sarufi, ukiniruhusu: kitenzi "kulamba" kimevishwa viambishi, kikakatwa irabu ya mwisho, kikatoka kikiwa kipya kabisa. Vijana wa Sheng wanajua mkasi uko wapi. Wanaunda neno ambalo bado haliko kwenye orodha ya mtu yeyote.

Sisemi zamani kulikuwa na malaika. Lakini aliyekulia na KBC anamkumbuka Mama Kayai akimvaa mzee Ojwang' katika "Vitimbi". Alimkosoa, akamdhihaki, akamvua nguo kwa maneno, mbele ya taifa zima, na hakuna kitufe kilichobonyezwa. Marehemu Benson Wanjau, aliyemwigiza Ojwang', angeweza kutukanwa dakika ishirini na tano bila neno hata moja la aibu. Waandishi wa michezo ile walijua kuwa tusi kali haliihitaji sehemu ya mwili. Linahitaji kujua pa kuchoma. Huo ulikuwa ufundi, nao ulifurahisha. Tatizo ni kwamba ufundi huohuo unaweza kutumiwa na mtu asiyetania.

Sasa nije kwenye jioni iliyonifanya niandike makala haya.

Jumamosi, Januari 8, 2022, kulikuwa na mkutano mkubwa wa kisiasa hapa mjini, katika uwanja wa Eldoret Sports Club. Mithika Linturi, seneta wa Meru wakati huo, alipanda jukwaani akawahimiza wenyeji waondoe "madoadoa" miongoni mwao. Mama mkwe alikuwa kwetu wikendi ile. Alikuja kumwona daktari wa macho Jumatatu, kwa hiyo alikuwa ameketi karibu na runinga kuliko sisi sote.

Katika taarifa tuliyotazama kulikuwa na mlio mmoja: mwanasiasa mwingine, mahali pengine, kamwita mpinzani wake kitu fulani. Piii. Salma akacheka. Kisha ikaja picha ya Sports Club, na lile neno likapita safi, sauti ikiwa wazi, halina doa.

Mimi, mtu wa Pwani, sikushtuka. Nakiri. Kwangu madoadoa ni ya chui, ya kanga, ya shati la mtoto aliyekula embe. Sekunde mbili hivi nilikuwa bado nangoja mwisho wa sentensi. Nilipogeuka, mama mkwe alikuwa ameshika rimoti mkononi, hajabonyeza chochote. Akamwambia mke wangu kwa Kikuyu azime. Mke wangu akazima. Hakuna aliyezungumza mpaka ugali ulipoletwa.

Mama huyu alipoteza nyumba mara mbili. Mara ya kwanza ilikuwa katika ghasia za 1992, mara ya pili baada ya uchaguzi wa Desemba 2007. Ile mara ya pili aliishi kwenye hema katika uwanja wa maonyesho hapa Eldoret, siku chache baada ya kanisa la Kiambaa kuchomwa moto Januari 1, 2008, na wanawake na watoto waliojificha ndani. Tume ya Jaji Waki ilihesabu vifo 1,133 nchini. Katika miaka yote hiyo, anasema, hakumbuki mtu akija kwake na neno chafu. Walikuja na maneno ya shambani: magugu yang'olewe, madoadoa yaondolewe, wageni warudi kwao. Ni maneno ambayo ungeweza kumfundishia mtoto wa chekechea.

Pale sebuleni, basi, tulikuwa watu wawili wenye kamusi mbili. Neno lililonipalia chai mimi kwake lilikuwa kihusishi tu. Neno nililolipitisha mimi kama la chui ndilo lililomwambia afunge virago. Na mlio wa runinga, uliokuwepo kutulinda sote wawili pamoja na mtoto, ulikuwa umeshatumika dakika tatu nyuma kwa jambo ambalo hakuna hata mmoja wetu angelikosea usingizi.

Seneta alikamatwa kesho yake na kufikishwa mahakamani Nakuru. Aliomba radhi, akasema hakukusudia watu wa kabila lolote. Kabla ya mwaka kwisha alikuwa Waziri wa Kilimo. Sitaki kuingia katika hayo. Kilichokuwa moyoni mwake hakijulikani kwangu, na safu hii ni ya lugha. Ninachosema ni kwamba katika lugha nia ya msemaji ni nusu tu ya maana. Nusu nyingine inakaa kwa anayesikia, pamoja na yaliyompata. Mtu mzima anayesimama jukwaani Eldoret anatakiwa kuijua nusu hiyo kabla hajafungua kinywa.

Aprili mwaka huohuo Tume ya Uwiano na Utangamano, NCIC, ikatoa orodha ya maneno ya chuki. "Madoadoa" limo. "Mende" limo. "Hatupangwingwi" nalo limo, ambalo asili yake ni wimbo wa vijana. Wengi walicheka hilo la mwisho. Mimi nilikuwa na tatizo na orodha nzima, ingawa naelewa kwa nini iliandikwa. "Mende" si neno la kuchezea kwa yeyote anayekumbuka Rwanda, ambako redio ya RTLM ilikuwa ikiwaita Watutsi hivyohivyo kwa Kinyarwanda, nalo pia lilikuwa neno safi la jikoni. Tume ilikuwa imeona lile ambalo mlio wa runinga hauoni, kwamba uchafu unaweza kukaa ndani ya neno lililooga. Lakini dawa yake ikawa ileile: orodha ya sauti. Ukiliziba "madoadoa", kesho watasema "vipele". Ukiziba "vipele", watasema "majani makavu". Lugha yetu ina ngeli za kutosha.

Na kuna hasara nyingine. Daktari wa ngozi anahitaji madoadoa. Mkulima wa mahindi wa Moiben anahitaji kueleza madoadoa kwenye majani. Mwalimu anahitaji chui.

Wakati huohuo, neno linapohitaji kutamkwa wazi, runinga inalipaka poda. Sikiliza taarifa za watoto waliodhulumiwa kingono. Utasikia "alimtendea unyama", au "kitendo cha aibu", na mara nyingine, Mungu atusamehe, "alishiriki mapenzi na mtoto wa miaka tisa". Mapenzi? Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006 haina haya hata kidogo. Inataja kosa na adhabu. Kiswahili kina "ubakaji" na "unajisi". Ukisema "unyama" mtoto anayetazama hajui ni nini kilichotokea, hivyo hajui hata aseme nini kikimpata yeye. "Aibu" nayo ya nani? Hii ni tasfida iliyopotea njia, inayomlinda mtenda badala ya msikilizaji. Hapa ndipo ningetaka kusikia mtangazaji akisema ashakum, kisha alitaje jambo kwa jina lake, saa moja hiyohiyo, watoto wakiwepo.

Najua wahariri watasema: mwalimu, wewe una wiki nzima ya kufikiri, sisi tuna dakika nne kabla ya kwenda hewani. Ni kweli. Lakini fikiri jinsi ile habari ya Sports Club ingesomwa na mtangazaji aliyepewa dakika moja zaidi. Angenyamazisha sauti ya jukwaani, aseme kwa kinywa chake mwenyewe kwamba seneta alitumia neno ambalo katika Bonde la Ufa limetumika tangu miaka ya tisini kuwataja majirani wanaotakiwa kufukuzwa. Asingehitaji mlio. Mimi wa Pwani ningeelewa mara moja, badala ya kungoja chui atokee. Mama mkwe angesikia kwamba kuna mtu ndani ya kile kisanduku anayejua analolijua yeye. Na aliyesema angesikia neno lake likielezwa mbele ya nchi nzima, jambo ambalo ni zito kuliko kuzibwa. Ziba neno la mtu, na wafuasi wake watalikamilisha wenyewe wakishangilia.

Hilo lingedai watangazaji wanaojua zaidi ya matamshi. Tunawafundisha vyema kutofautisha "r" na "l". Tuwafundishe pia historia ya maneno ya mahali wanapotangazia, kwa sababu neno la Eldoret si la Malindi. Mluhya wa Huruma anamwita shangazi yake jina ambalo, ukiongeza herufi moja mbele, litakuletea ngumi Kisauni. Mtangazaji asiyejua hayo atawaziba wasio na hatia na kuwapitisha wenye nayo, kila jioni, kwa nia njema kabisa.

Jumatatu ile tulimpeleka mama kwa daktari. Jioni Salma alikuwa na kazi ya Kiswahili ya kufanyia nyumbani: aeleze mnyama wa porini kwa sentensi tano. Akamchagua chui. Aliandika kwa penseli mezani, karibu na Shosho wake, na nilipopita nyuma yake nikaona sentensi ya pili imefutwa mpaka karatasi imekonda. Juu yake alikuwa ameandika kwamba chui ana mabaka.

Alhamisi daftari lilirudi. Mwalimu alikuwa amekata "mabaka" kwa kalamu nyekundu, akaandika pembeni neno alilotaka.